Ndama wa Ng'ombe, Nakala ya Kitabu



Katikati ya mwezi Julai mwaka 2009, watu kadhaa nchini Marekani waliwasha vifaa vyao vya kusomea vitabu, vile viitwavyo Kindle, wakakuta vitabu viwili havimo. Jana yake vilikuwemo. Hawakuwa wamevifuta wenyewe, wala hakuna mtu aliyeingia nyumbani mwao. Kampuni ya Amazon, ile ile iliyowauzia, ilikuwa imevifikia vifaa hivyo kutoka mbali kwa mawasiliano yasiyo na waya, ikaviondoa vitabu, kisha ikawarudishia wateja fedha zao. Kimoja kiliuzwa senti 99 za dola. Tukubaliane basi kwamba huu haukuwa wizi wa kawaida, kwa maana sijapata kusikia mwizi anayeacha chenji mezani.

Vitabu vyenyewe vilikuwa vya George Orwell: Animal Farm na Nineteen Eighty-Four. Waliosoma riwaya hiyo ya pili watakumbuka kwamba mhusika wake mkuu ameajiriwa kuyasahihisha magazeti ya zamani ili yaafikiane na matakwa ya chama kinachotawala, na kwamba karatasi zisizotakiwa hutumbukizwa katika tundu la ukutani zikateketea. Laiti mtu angetunga kisa cha kitabu hicho hasa kutoweka mikononi mwa waliokinunua, tungemwambia ametia chumvi kupita kiasi.

Maelezo ya kampuni yalikuwa na mantiki yake. Nakala hizo zilikuwa zimewekwa dukani na mchapishaji asiye na haki ya kuziuza Marekani. Orwell alifariki Januari 1950. Nchini Kanada na Australia hakimiliki ya maandishi yake ilikwisha miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo huko yeyote aliweza kuyachapa. Lakini Marekani riwaya hiyo ya mwaka 1949 inalindwa hadi mwisho wa mwaka 2044. Maneno ni yale yale, mwandishi ni yule yule, marehemu ni yule yule, ila katika nchi moja kitabu ni mali ya umma na katika nchi nyingine mchapaji wake ni mhalifu. Amazon ilipogundua kwamba bidhaa ni haramu, iliiondoa. Duka la vitabu la kawaida lingefanya nini? Lingeacha kuuza, likamlipa fidia mwenye haki. Lisingemtuma kijana wa dukani aingie kwa dirisha la mteja usiku wa manane akachukue kitabu juu ya kabati.

Kulikuwa na mwanafunzi mmoja wa Michigan, mwenye umri wa miaka 17, aliyekuwa akisoma Nineteen Eighty-Four kwa ajili ya masomo yake na kuandika maelezo pembeni ya kurasa. Maelezo yake yalibaki, lakini kurasa yaliyozihusu zikawa zimekwenda. Alifungua shauri, nalo likamalizwa kwa mapatano mwaka huohuo: kampuni ikalipa dola 150,000 kwa mawakili, sehemu yake ikaelekezwa kwenye hisani, na ikaahidi kutovifuta tena vitabu vya wateja wa Marekani isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Mkuu wa kampuni, Jeff Bezos, alikuwa ameshaomba radhi hadharani tarehe 23 Julai, akikiri bila kuzungukazunguka kwamba kilikuwa kitendo cha kijinga. Nampa heshima yake kwa hilo, kwa kuwa si wakubwa wengi wanaoweza kuomba radhi bila kuongeza neno "hata hivyo".

Lakini lipo swali ambalo radhi haikulijibu, nalo ndilo ninalotaka tulitafakari wiki hii. Watu wale walikuwa wamenunua nini? Mkataba wa Kindle wa wakati ule uliwaahidi haki ya kubaki na nakala ya kudumu. Neno "kudumu" sote tunalijua maana yake. Ama tulidhani tunalijua.

Mgogoro juu ya nakala ya kitabu si mtoto wa kompyuta. Masimulizi ya Ayalandi yanaturudisha hadi karne ya 6, kwa Mtakatifu Kolumba, ambaye kabla ya kuwa mmisionari wa Uskoti alikuwa mtu wa ukoo wa kifalme na, ikiwa tutayaamini masimulizi hayo, mwenye hasira za ukoo wa kifalme. Habari tunayoifahamu zaidi iliandikwa na Manus O'Donnell mwaka 1532, karibu miaka elfu moja baada ya matukio, hivyo tuipokee kama tunavyoipokea hadithi ya babu: kwa upendo, lakini bila kuiapia. Inasemwa kwamba Kolumba aliazima kitabu cha Zaburi kutoka kwa abate Finnian, kisha akawa anakinakili usiku, kwa siri, kanisani, huku vidole vyake vikimwangazia kama mishumaa. Finnian alipogundua, alidai apewe ile nakala. Shauri likafika kwa mfalme Diarmait. Kolumba alijitetea kwamba kitabu cha mwenzake hakikupungukiwa na chochote kwa kunakiliwa, na kwamba haifai maneno ya Mungu yafungiwe. Mfalme akaamua kwa mfano wa zizini: kama ndama alivyo wa mwenye ng'ombe, ndivyo nakala ilivyo ya mwenye kitabu.

Nina wasomaji wafugaji, nao wataniunga mkono nikisema kwamba mfalme huyu alihukumu vibaya. Ndama hutoka tumboni mwa ng'ombe, hula maziwa yake na kumdhoofisha. Kitabu cha Finnian hakikunyonyesha mtu. Aliyekesha ni Kolumba, wino ni wa Kolumba, na ngozi iliyoandikiwa ni ya Kolumba. Hata hivyo Finnian naye hakuwa bila hoja, kwa sababu mwenzake alikopa kitabu asome, hakuomba ruhusa ya kukizalisha, na alifanya kwa siri, jambo ambalo mara nyingi ni dalili kwamba dhamiri ilikuwa macho. Masimulizi yanaendelea hadi vita vya Cúl Dreimhne mwaka 561, ingawa wanahistoria wanataja na sababu nyingine za vita hivyo, na mwaka 563 Kolumba akaondoka kwenda kisiwa cha Iona. Mjini Dublin, katika Royal Irish Academy, ipo Zaburi ya kale iitwayo Cathach, kurasa za ngozi 58 zilizosalia, ambayo mapokeo yanasema ndiyo nakala yenyewe. Kwa karne nyingi ilifungiwa ndani ya kasha la madini, na watu waliogopa kulifungua. Lilipofunguliwa mwaka 1813, maandishi yakasomeka. Kumbuka jambo hilo, tutalihitaji.

Mashine ya uchapaji ilipokuja, ugomvi wa abate na mmonaki ukawa ugomvi wa wafanyabiashara. Uingereza iliwapa wachapaji wa London mamlaka juu ya vitabu mwaka 1557, si kwa kuwapenda waandishi bali kwa kuwa serikali ilitaka kujua nani anachapa nini. Sheria ya kwanza iliyomtaja mwandishi kuwa mwenye haki ni ile ya Malkia Anne ya mwaka 1710: miaka 14, na mingine 14 kama mwandishi angali hai. Wauza vitabu wa London walijaribu kudai kwamba chini ya sheria hiyo ipo haki nyingine ya kale isiyokwisha milele. Mskoti mmoja aitwaye Alexander Donaldson, aliyekuwa akiuza vitabu kwa bei nafuu, aliwapinga hadi mbele ya Baraza la Malord, na mwaka 1774 akashinda. Tangu siku hiyo ikajulikana kwamba hakimiliki ina mwanzo na ina mwisho. Huo mwisho umekuwa ukisogezwa mbele mara kwa mara, hasa na wale wenye vikaragosi vya panya, lakini haijawahi kusemwa waziwazi kwamba haupo.

Nisieleweke vibaya. Simo katika kundi la wanaodhani kwamba kila kilichoimbwa ni cha bure. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mtunzi wa nyimbo za kwaya hukaa miezi akipanga sauti nne, kwaya ikachangishana fedha za studio, halafu wiki moja baada ya uzinduzi nyimbo zote zimo katika kibanda kilicho karibu na stendi, zikiingizwa katika simu za wapita njia kwa bei isiyotosha kununua andazi, na mtunzi hapati hata hilo andazi. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, Kenya ina yake ya mwaka 2001. Kinachokosekana ni aibu ya sisi wanunuzi.

Na tunamkumbuka Solomon Linda, Mzulu aliyerekodi wimbo uitwao Mbube mjini Johannesburg mwaka 1939. Alipata shilingi kumi. Wimbo ule ulizunguka dunia, ukabadilishwa jina na maneno, ukawa maarufu Marekani mwaka 1961 kama The Lion Sleeps Tonight, naye akafariki mwaka 1962 katika ufukara. Mwaka 1994 uliingizwa katika filamu ya Disney ya The Lion King. Warithi wake walifungua shauri mwaka 2004, wakafikia mapatano mwaka 2006, miaka 44 baada ya kumzika. Nataja kisa hiki kwa sababu kila mara makampuni yanapotaka sheria kali zaidi, husema yanamtetea msanii maskini. Huyu hapa msanii maskini. Sheria zilikuwepo wakati wote huo, na fedha zilikuwepo, ila zilipita njia isiyofika Soweto.

Turudi kwa mnunuzi, maana yeye ndiye aliyesahauliwa zaidi katika historia hii. Mwaka 1904 kampuni ya Bobbs-Merrill ilichapa riwaya iitwayo The Castaway, na katika ukurasa wa hakimiliki ikaandika onyo kwamba kitabu kiuzwe dola moja kamili. Muuzaji atakayeshusha bei atahesabiwa kuwa amevunja hakimiliki. Duka kubwa la Macy's la New York, lililokuwa la ndugu wawili Isidor na Nathan Straus, likasoma onyo hilo na kukiuza kitabu kwa senti 89. (Isidor huyo ndiye aliyezama na Titanic mwaka 1912 pamoja na mkewe Ida, aliyekataa kuingia katika mashua ya kuokolea watu akamwacha mumewe. Ningependa kuzungumza zaidi juu yao, lakini hilo litafaa Jumapili ya Familia.) Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1908, na uamuzi wake ulikuwa mwepesi kueleweka hata na muuza mitumba: mwenye hakimiliki anayo haki ya kuuza nakala mara ya kwanza. Akishaiuza na kupokea fedha, nakala ile si yake tena. Aliyenunua anaweza kuiuza kwa bei yoyote, kuiazimisha, kumpa mtu au kuiwekea mguu wa meza. Haruhusiwi kuchapa nyingine. Hilo bado ni la mwandishi.

Natamani ungetua hapo kidogo, msomaji wangu, uone jinsi maisha yetu ya kusoma yalivyojengwa juu ya kanuni hii bila sisi kuitambua. Maktaba zimesimama juu yake. Vitabu vya mitumba vinavyotandazwa chini pembezoni mwa barabara Dar es Salaam na Nairobi vimesimama juu yake. Mwaka 1967 jumba la uchapishaji la East African Publishing House la Nairobi lilitoa Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya kile kile Animal Farm kilichofutwa Marekani. Nani anaweza kuhesabu ni mikono mingapi hupita kitabu cha namna hiyo katika nchi zetu? Kinanunuliwa na mwalimu, kinasomwa na darasa, kinaazimwa na mpwa wake wa shule nyingine, kinarudi bila jalada, kinaazimwa tena. Nakala moja, wasomaji hamsini, na mwandishi alilipwa mara moja. Hakuna aliyeita jambo hilo uharamia. Katika nchi maskini huo ndio usomaji wenyewe.

Teknolojia za nyumbani zilipofika, kanuni ilishikilia kwa muda. Kampuni ya Sony ilianza kuuza mashine za kurekodi video, Betamax, mwaka 1975. Mwaka uliofuata Universal na Disney wakaishtaki, wakisema kumwezesha mtu kurekodi kipindi cha televisheni ni kumsaidia kuiba. Msemaji wa makampuni ya filamu, Jack Valenti, alifika mbele ya kamati ya Bunge mwaka 1982 na kuilinganisha mashine ile na muuaji mashuhuri wa Boston aliyekuwa akiwanyonga wanawake waliokuwa peke yao nyumbani. Upande wa pili alisimama Fred Rogers, mchungaji wa Kipresbiteri aliyeendesha kipindi cha watoto, akaeleza kwa upole kwamba haoni ubaya wazazi wakirekodi kipindi chake wakitazame na watoto wao kwa saa inayowafaa. Tarehe 17 Januari 1984 Mahakama Kuu ikampa Sony ushindi kwa kura tano dhidi ya nne, na ushahidi wa mchungaji yule ukatajwa katika hukumu. Ndiyo, mwaka 1984. Historia nayo ina ucheshi wake. Makampuni ya filamu hayakunyongwa na mtu. Yaliendelea kutajirika kwa kuuza kanda za video zilizochezwa na mashine ile ile waliyotaka ipigwe marufuku.

Kisha mambo yakageuka, na yaligeuka kimyakimya. Mwaka 1998 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyofanya kuwa kosa kuvunja kufuli la kidijitali linalolinda kazi yenye hakimiliki. Sikiliza vizuri: kosa si kunakili tu, bali kufungua kufuli, hata kama kilichomo ndani umekilipia. Misamaha imewekwa, lakini ni michache na ya kuombewa. Diski za filamu zilikuwa na kufuli la namna hiyo, na juu yake dunia iligawanywa katika kanda sita za biashara. Sisi wa Afrika Mashariki tuliwekwa kanda ya 5, pamoja na India na Urusi, ujirani ambao hatukuombwa maoni juu yake. Diski ya maisha ya mtakatifu iliyoletwa zawadi na mmisionari kutoka Ulaya, kanda ya 2, ingegoma katika mashine iliyofuata utaratibu. Bahati yetu ni kwamba mashine nyingi za bei poa hazikufuata utaratibu wowote.

Norwe ilitokea kesi inayostahili kujulikana zaidi. Mwaka 1999 kijana wa miaka 15, Jon Lech Johansen, alishiriki kutengeneza programu ya kufungua kufuli la diski za filamu. Alishtakiwa, na mahakama zikamwachia huru mara mbili mwaka 2003, zikisema kwamba aliyenunua diski kihalali anayo haki ya kuitazama kwa njia anayoitaka. Mahakama ile ilizungumza lugha ya mwaka 1908. Ilikuwa kama kusikia mtu akisema lugha ya nyumbani katika stendi ya ugenini.

Na Sony? Mwaka 2005, kampuni ya muziki ya Sony BMG, ambayo Sony ilikuwa mbia wake, iliuza Marekani CD ambazo zikiwekwa katika kompyuta zilijipandikizia programu ya siri ya kuzuia kunakili. Programu hiyo ilijificha hata mwenye kompyuta asiione, na mahali ilipojificha virusi viliweza kujificha pia. Mtaalamu Mark Russinovich aliigundua katika kompyuta yake mwenyewe na kuitangaza tarehe 31 Oktoba 2005. Kabla ya mwisho wa Novemba kampuni ilikuwa ikizikusanya CD zake. Kumbuka nani aliadhibiwa hapo. Aliyepata muziki kwa njia za panya hakudhurika. Aliyedhurika ni yule mwaminifu aliyekwenda dukani akalipa. Kampuni ambayo miaka 21 kabla ilisimama mahakamani kutetea uhuru wa mtu ndani ya nyumba yake, sasa jina lake lilikuwa juu ya bidhaa iliyoingia katika nyumba hiyo kama mwizi. Mkuki kwa nguruwe.

Hapa utaniuliza, je, bila kufuli biashara ingekufa? Jibu lilitolewa na wauzaji wenyewe. Mwaka 2009 huohuo wa kisa cha Orwell, Apple ilitangaza kuondoa kufuli katika nyimbo za duka lake la iTunes, na Amazon tayari ilikuwa ikiuza nyimbo zisizo na kufuli tangu mwaka 2007. Mbingu hazikuanguka. Nyimbo ziliendelea kununuliwa, hadi watu walipoanza kulipia kusikiliza tu, kwa mwezi, bila kumiliki chochote, jambo ambalo walau halidanganyi mtu: mpangaji anajua kwamba ni mpangaji.

Kinachonikera mimi ni nyumba iliyoandikwa "inauzwa" kumbe inapangishwa. Mwezi Aprili 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu vya kielektroniki, na ilipofika Julai vitabu vilivyokwisha kununuliwa vikaacha kufunguka. Wateja walirudishiwa fedha, na walioandika maelezo pembeni wakaongezewa dola 25. Pengine somo la Michigan lilikuwa limesikika. Kila kitu kilikuwa kimo katika mkataba. Mikataba hii tunaijua sote. Ni kurasa arobaini za herufi ndogo, na chini yake kitufe kimoja chenye neno "Nakubali". Kwa ndoa, Kanisa hutangaza Jumapili tatu, huuliza mashahidi, huwafundisha wachumba kwa miezi, ndipo mtu aruhusiwe kulitamka neno hilo. Kwa simu tunalitamka kwa kidole gumba, tukiwa ndani ya daladala.

Jimbo la California limejaribu kurudisha maana ya maneno. Sheria iliyosainiwa Septemba 2024 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2025 inamkataza muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno "nunua" bila kumweleza mteja wazi kwamba anachopata ni leseni inayoweza kuondolewa. Asiyebanwa ni yule anayemwachia mteja nakala ya kupakua ambayo hataweza kumnyang'anya. Ni sheria ya kamusi tu. Haimpi mnunuzi chochote zaidi ya taarifa ya kile asichonacho, lakini taarifa hiyo nayo ilikuwa imefichwa kwa miaka mingi. Wiki nane baadaye, tarehe 26 Februari 2025, Amazon iliondoa njia ambayo mtu aliweza kuitumia kupakua vitabu vyake vya Kindle katika kompyuta na kuvihamisha kwa waya.

Sisi huku tutasema hayo ni mambo ya Wamarekani. Lakini vijana wetu wa chuo wanasomea katika simu, makatekista wanapakua mafundisho, kwaya zinauza nyimbo mtandaoni, na mikataba tunayoikubali ni ile ile, imeandikwa kwa sheria za majimbo ambayo hatutayafika. Simwambii mtu asinunue kitabu cha kielektroniki. Mapadre wengi tunasafiri na maktaba nzima mfukoni, na sioni sababu ya kurudi kwenye sanduku la mbao. Ninachomwomba kila mmoja ni aulize dukani, kabla ya kulipa, swali ambalo asingehitaji kuliuliza kwa kitabu cha karatasi: naweza kumwazima jirani?

Na lipo swali jingine ambalo huja baadaye, wakati ambapo wa kulijibu ameshaondoka. Mara nyingi huitwa kuketi na familia siku ya kumaliza msiba, wazee wanapogawa vitu vya marehemu. Baiskeli huenda kwa huyu, shoka kwa yule, na vitabu, kama vipo, huenda kwa mtoto aliyefika mbali zaidi shuleni, Biblia yenye majina ya waliobatizwa ikibaki kwa mjane. Vile alivyonunua kwa simu havimo katika orodha. Mikataba mingi husema akaunti hairithishwi, na hakuna pale aliyeisoma. Kuhusu simu yenyewe wazee huuliza jambo moja tu: nani anaijua namba yake ya siri?